Wanunuzi Waliokula Sombe Uani Kwangu

Wakala wa nyumba alipoingia jikoni kwangu mara ya kwanza alisimama katikati, akazunguka polepole kama mtu anayetafuta harufu inatoka wapi, kisha akasema ukuta ule unakula bei.

Nilidhani ameona ufa. Kumbe alikuwa anasema rangi. Jiko letu lilikuwa la kijani, kijani cha migomba baada ya mvua, na mume wangu ndiye aliyelipaka mwaka tuliohamia mtaa huu wa La Rochelle, kwa sababu alisema weupe wa Joburg unamfanya ajione yuko hospitali.

"Mama, mtu akiingia hapa hataona jiko," alisema yule binti. "Ataona kazi ya kupaka rangi upya. Na ile kazi anaitoa kwenye bei."

Alikuwa binti wa Soweto, mwenye viatu virefu na moyo mzuri. Tulikuwa tunaongea Kiingereza, changu kidogo na chake kingi, na pale changu kilipokwisha niliweka Kizulu cha sokoni. Maneno yetu nayaandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndivyo yalivyokaa kichwani mwangu.

Nilimfuata chumba kwa chumba. Shule nilisoma kidogo, huko kwetu Bukavu, Kongo, na mambo ya nyumba nilijua yale ambayo kila mtu anajua: paa likivuja bei inashuka, mtaa ukiwa na wezi bei inashuka. Siku ile nilijifunza mengine. Gari la jirani lililokaa bila magurudumu mbele ya geti langu lilikuwa linashusha bei yangu mimi, si yake. Nondo za madirishani zikiwa chache mnunuzi anaogopa wezi, zikiwa nyingi anaogopa zaidi, maana anajiuliza mwenye nyumba aliona nini. Picha za familia ukutani zinamfanya mgeni ajisikie amevamia. Mzabibu wa uani, ule tulioachiwa na Mreno aliyetuuzia, ulikuwa unapandisha bei, ila nyuki wake walikuwa wanaishusha. Aliniambia kuna nyumba mtaa wa Turffontein iliuzwa upesi kwa sababu dirisha la bafu lilitazama mti wenye ndege.

Nikacheka. Nilikuwa sijacheka siku nyingi, na yeye alifurahi, akanitazama vizuri.

"Na siku ya kuonyesha nyumba, mama, utavaa nini?"

Nilitazama gauni langu. Lilikuwa jeusi, kama lile la jana yake na la juzi yake.

"Jeusi nalo linashusha?"

"Kidogo," alisema, na niliona ameona haya. "Watu watauliza."

"Nitawajibu. Mume wangu alifariki. Pale, chumba cha mbele."

Alikwenda kufunga mlango wa jikoni, ingawa tulikuwa wawili tu nyumbani. "Hilo usimwambie mtu."

"Wakiuliza?"

"Hawatauliza."

"Wasipouliza nitawaambia mwenyewe. Siwezi kumuuzia mtu chumba halafu nimfiche mwenzake aliyelala humo."

"Mama," alisema, akavuta kiti, akakaa.

Sasa niseme kwa nini bei ilinihangaisha, maana mimi si mtu wa kupenda fedha sana. Mume wangu alikuwa mlinzi wa usiku, na mshahara wake ndio uliokuwa unailipa benki. Alipofariki, cherehani yangu peke yake haikuweza. Ilibidi kuuza. Binti yetu anaishi Randburg na mume wake na watoto, na katika jengo lao hilohilo, ghorofa ya chini, kulikuwa na fleti ndogo ya chumba kimoja inauzwa. Ndogo kweli, lakini ina bafu lake. Mwenye fleti alikubali kunisubiri mpaka mwisho wa mwezi. Bei ya nyumba yangu ikifika pale wakala alipopanga, benki inapata chake na mimi nanunua fleti. Isipofika, nahamia kwa binti yangu, na kwa binti yangu kuna bafu moja.

Anayetoka kwetu ataelewa hapo hapo. Kwa asiyetoka kwetu nitaeleza. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawalali chini ya paa moja. Hawali wakitazamana. Nikikutana na mkwe kwenye njia nyembamba, mmoja anapita pembeni. Mkwe wangu ni kijana mwema kuliko wengi. Anasimamia walinzi kwenye maofisi ya Sandton, hanywi, anamheshimu binti yangu. Tangu alipoleta mahari hajawahi kuniona bila kitambaa kichwani, na mimi sijawahi kumwona akitafuna. Heshima yetu imejengwa juu ya umbali huo. Sasa nifikirie nikitoka bafuni asubuhi na taulo, yeye amesimama mlangoni na mswaki mkononi. Binti yangu alisema, "Mama, hii ni South Africa, watu wanazoea." Kwake ni rahisi kusema. Yeye ni mke.

Wakala akapanga siku. Jumapili, saa nane mchana, watu wangekuja kuitazama nyumba. Alinipa maagizo: toa picha, fungua mapazia, na lile la mwisho ambalo ndilo lililoleta mambo yote.

"Ifanye nyumba inukie, mama. Oka mkate au chemsha kahawa. Harufu ya chakula inapandisha bei. Hata sisi hatujui kwa nini."

Nilikwenda na neno hilo kwa mwenzangu wa kwaya, mama mmoja wa Uvira ambaye ana saluni ya kusuka nywele hapa mtaani, karibu na kona ya Rosettenville. Alikuwa na mteja, kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama.

"Wageni wangapi?" aliuliza.

"Hajui. Wanaweza kuja wengi."

"Watakula nini?"

"Hakusema wale. Alisema wanuse."

Mikono yake ikasimama kwenye nywele za yule mteja. "Wanuse?"

"Wanuse."

"Unamwita mtu nyumbani kwako Jumapili, unamnusisha mkate, halafu unamwonyesha geti? Mama, hata mchawi angemwekea kitu kwenye sahani."

"Ndivyo alivyosema."

"Hakumaanisha hivyo. Huyo ni mtoto wa watu. Ameona aibu kukuambia upike, kwa sababu wewe ni mfiwa." Akageukia mteja wake. "Wewe mwamuzi. Utamnusisha mgeni?"

Mteja, Mrundi, alisema kwao mtu akifanya hivyo anatungiwa wimbo wa kumcheka.

Basi tukapika. Naomba nieleweke: hatukufanya ubishi, tuliona kweli kwamba ndilo jambo alilotaka wakala. Jumamosi mama wa kwaya walikuja na sufuria zao kubwa. Tulitwanga sombe, majani ya mihogo, kwenye kinu uani chini ya mzabibu, tukaloweka samaki wa makayabu kutoa chumvi, tukachemsha maharage. Tukaleta viti vya plastiki vya kanisa. Viti hivyo hivyo vilikuwa vimekaa uani kwangu wakati wa matanga, na nilipoviona vinashushwa niligeuka niingie ndani. Lakini safari ile mama walivishusha wakitaniana juu ya nani amenenepa na hatatosha, nami nikajikuta napanga viti na kucheka nao.

Wakati wa matanga sikulia kwa sauti. Wengine waliona vibaya. Mjane asiyelia anaangaliwa. Sikuwa na sababu ya kumwonyesha mtu. Machozi yalikuja mwilini yakakaa tu, kama maji kwenye ndoo, na tangu hapo sikuwahi kuingia chumba cha mbele isipokuwa kufagia. Sikuwahi kumsemesha mume wangu hata neno moja. Kuna wajane wanaoongea na waume zao wakiosha vyombo. Mimi nilikuwa naosha vyombo.

Kuhusu gari la jirani, ambaye ni mtu wa Msumbiji: nilimpelekea mikate ya mafuta ya moto, akaniambia kwa Kireno kitu ambacho sikukielewa, akaita vijana, wakalisukuma mpaka mbele ya nyumba ya mtu asiyeelewana naye. Kwa hiyo bei yangu ilipanda na ya yule mwingine ikashuka, na wawili hao walizozana wiki nzima. Ukuta wa jiko niliuacha kijani. Mkono ulikataa kushika brashi.

Jumapili tulitoka ibadani mapema. Wakala alifika akiwa amekwisha kuweka mabango yake yenye mishale kwenye roboti, ndivyo tunavyoziita taa za barabarani huku, na kwenye kona zote mpaka kwetu. Alifungua geti akaona viti, sufuria, mama waliovaa vitenge vya sare ya kwaya, na moshi. Akaweka mkono kifuani.

"Mama, nani amekufa tena?"

"Hakuna aliyekufa. Ni wageni wako hawa tunawasubiri."

Alitazama sufuria ya sombe. Alitazama nyingine. "Mama, watu hawa wanapita tu. Wanafungua kabati, wanatazama bafu, wanaondoka."

"Kwangu hawapiti," nilisema.

Na kweli hawakupita. Mwenzangu wa Uvira alisimama getini na jagi la maji ya kunawa, na hakuna aliyefika kwenye mlango wa nyumba bila kunawa na kuketi kwanza. Wengine waliofuata mishale hawakuwa hata wanunuzi. Kijana wa duka la spaza la kona alidhani ni ile sherehe wanayofanya huku baada ya mazishi, akaja na kreti ya soda. Jirani wa Msumbiji alikuja kudai shukrani ya gari. Uani kulijaa.

Alikuja mwanamume mmoja na funguo nyingi kiunoni. Huyo tulimfahamu kwa sura, ana nyumba kadhaa mtaani na zote amezikata vyumba vya kupangisha, sebule inakuwa vyumba vitatu kwa mbao.

"Nina haraka," alimwambia mwenzangu.

"Kaa. Utaharakisha ukiwa umekaa."

"Nimekuja kuona nyumba."

"Nyumba haina miguu, baba. Nawa."

Akanawa. Alikula fufu, ugali wetu wa muhogo, na makayabu kama mtu ambaye hajapikiwa siku nyingi, lakini hakuacha kupima ukuta wa uani kwa macho.

Wakaja vijana wawili, mke na mume wapya. Halafu akaja nesi, bado na viatu vya kazi, akiwa na mama yake mzazi kutoka KwaZulu. Yule mama alivaa kofia ya kanisa na sketi nzito, akachagua kiti, akakijaribu, akakikataa, akachagua kingine. Alipewa sombe.

"Imifino hii nani kapika?" aliuliza, ndivyo Wazulu wanavyoita mboga za majani.

"Mimi, mama," nilisema.

"Haina chumvi."

"Samahani, mama."

"Niongezee." Akasogeza sahani. Alipopelekwa kuona jiko alirudi akamwambia binti yake kwa sauti ambayo uani kote tuliisikia kwamba jiko la kijani linaleta njaa, ndiyo maana wenye nyumba wamenona. Mimi sikunona. Nadhani alisema kwa ajili ya mwenzangu, na mwenzangu alifurahi.

Kwetu watu wakishakula, mwenye mji husimama akasema kwa nini amewaita. Sikuona sababu ya kuacha desturi kwa kuwa waliokula walikuwa wanunuzi. Nikasimama na gauni langu jeusi. Wakala, ambaye wakati huo alikuwa anakula maharage kwa kijiko akiwa amevua viatu, alianza kutikisa kichwa polepole.

Niliwashukuru kwa kuja. Nilisema nyumba ni nzuri, tumeishi ndani yake vizuri. Nilisema paa linavuja juu ya friji mvua ikitoka upande wa kusini. Nilisema baa ya mtaa wa nyuma ina makelele Jumamosi, na wiki nyingine mabomba hayatoi maji, inabidi uwe na ndoo. Nilisema jirani ni mtu mwema ila hatengenezi gari lake. Kisha nikasema mume wangu alifia chumba cha mbele, kwa ugonjwa, kitandani kwake, mimi nikiwa nimemshika mkono, na kwamba nawaambia kwa sababu ningependa kuambiwa.

Nyuki walisikika mzabibuni.

Wale vijana wawili waliondoka kwanza, kwa adabu sana. Mama wa kwaya waliwafungia mikate kwenye gazeti. Halafu yule mwenye funguo akamvuta wakala pembeni, ila sauti yake haikujua kwenda pembeni.

"Nyumba ya maiti hiyo. Wapangaji wakisikia wanahama. Mwambie nitampa hii, na leo nasaini."

Wakala alikuja kwangu pekupeku. Aliitaja bei kwa sauti ndogo. Ilikuwa chini, tena chini sana. Benki ingepata chake, na mimi ningebaki na cha kulipia gari la kuhamisha vitu.

"Si mbaya kwa nyumba ambayo watu wamejua," alisema. "Habari itaenea, mama. Ikikaa bila kununuliwa, itashuka zaidi. Nilikuambia."

"Uliniambia."

"Fikiria kidogo."

Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikafikiria. Niliona bafu la Randburg, pazia lake lenye samaki, na mswaki wa mkwe wangu kwenye glasi. Nilijiuliza kama mtu anaweza kuoga wakati ambapo hakuna mtu yeyote nyumbani, kila siku, mpaka afe. Sikujuta kusema. Lakini niliogopa.

Yule mama mwenye kofia akaniita kwa kidole.

"Njoo hapa. Kaa. Huyo mume wako, amechukuliwa?"

Sikuelewa. Binti yake nesi akanieleza kwa utaratibu: kwao mtu akifariki mahali, wazee wanakwenda pale na tawi la mti fulani, wanamsemesha, wanamwambia tunakwenda nyumbani sasa, panda gari, shuka, tumefika. Asiposemeshwa anabaki pale hajui watu wamekwenda wapi.

"Sisi ni watu wa kanisa," nilisema. "Tulimzika hapa Joburg. Tukasali, tukaimba, tukavunja matanga."

"Mimi pia ni mtu wa kanisa," alisema yule mama, akagusa kofia yake. "Sikuulizi kanisa. Nakuuliza hivi: nani amemwambia kwamba nyumba inauzwa?"

Nilifikiri. Nilitaka kujibu kweli. "Hakuna."

"Wewe?"

"Sijamwambia."

"Unaniuzia nyumba ya mtu ambaye hajui. Nitalalaje humo? Ataamka asubuhi anikute nimevua kofia, aniulize wewe nani, nimjibu nini?"

Mwenzangu wa Uvira aliguna. Wakala akajaribu kuingia katikati, akasema bei inaweza kuzungumzwa kwa sababu ya hali hiyo, hata huyu bwana ametoa bei yake. Yule mama akamtazama mwenye funguo kutoka juu mpaka chini.

"Amepunguza kwa sababu mtu amekufa?"

"Ndiyo, mama."

"Ng'ombe akifa nampunguzia bei. Mtu, hapana." Akanigeukia mimi. "Mwambie mumeo. Halafu tuongee bei kamili, kama watu."

Nilimtazama mwenzangu. Alikuwa mwenyekiti wa kwaya na mambo ya imani alikuwa mkali kuliko mchungaji. Alipangusa mikono kwenye kitenge chake, akafikiri.

"Kumwita mzimu ni dhambi," alisema. "Lakini kumwambia mumeo kwamba unahama, hiyo ni adabu tu. Nenda."

Basi nikaingia chumba cha mbele. Sikuwa peke yangu. Yule mama wa KwaZulu alisimama mlangoni na sahani yake mkononi, nesi nyuma yake, mama wa kwaya nyuma yao wakisukumana. Chumba kilikuwa na jua. Mume wangu alikipenda kwa sababu hiyo. Alifanya kazi usiku na mchana alilala kwenye jua kama paka.

"Mzee," nilisema. Sauti ilitoka ndogo. "Ni mimi. Nyumba naiuza."

Nikageuka nitoke.

"Mwambie sababu," alisema yule mama kutoka mlangoni. "Hata mpangaji anaelezwa sababu."

"Naiuza kwa sababu peke yangu siiwezi. Benki wanataka fedha zao." Nilionyesha juu kwa kidole. "Na paa bado linavuja. Ulisema utapanda Jumamosi. Kila wiki ulisema Jumamosi. Friji imeota kutu upande mmoja, mzee, na wewe umekwenda zako, na mimi nimeweka beseni, kila mvua naamka kumwaga beseni." Nikagundua sauti imepanda. Nilikuwa nagombana naye kama zamani, mkono kiunoni, na yeye kama zamani ananyamaza. "Na ule ukuta wa jiko. Yule binti anasema unakula bei. Nimekataa kuupaka, ujue. Nimekutetea."

Nyuma yangu mtu alicheka, na mwingine akamnyamazisha.

"Nahamia Randburg, karibu na mtoto. Kuna chumba kimoja na bafu langu mwenyewe, Mungu akipenda. Hakuna mzabibu. Hakuna jua la kutosha, nimeshaangalia. Ukitaka kuja, njoo, lakini safari hii rangi ninachagua mimi."

Hapo mama wote wakacheka, nami nikacheka, na katikati ya kucheka ile ndoo ikamwagika. Nililia kwa sauti, kwa mara ya kwanza, nikiwa nacheka bado, mpaka nikashika ukuta. Hakuna aliyenishika. Mama wa kwaya wakaanza wimbo, si ule wa msiba, wimbo wa harusi wenye makofi, maana ndio uliokuja kwanza, na tukatoka nao uani tukiimba. Mume wangu kama alikuwa hajui, alijua sasa. Wote mtaani walijua.

Yule mama alikuwa amemaliza sahani yake. "Sawa," alimwambia binti yake. "Ameambiwa. Lipa."

Nesi alicheka akaziba uso. Alimwambia wakala kwamba mkopo wake benki wamekwisha kuukubali, na kwamba yeye kazini anaona watu wakifariki kila wiki; hakuna kitanda pale ambacho hakuna mtu aliyefia juu yake, na wagonjwa wanapona hapohapo vilevile. Alitoa bei ile tuliyoipanga, bila kukata. Paa, alisema, kaka yake ataliziba.

Mwenye funguo alikuwa bado hajaondoka. Nadhani alikuwa anasubiri soda. Aliposikia, alisimama. "Ngoja. Naongeza."

"Ulisema nyumba ya maiti," wakala alimkumbusha.

"Si mumewe anahama naye? Nimesikia kwa masikio yangu."

Uani kote walicheka, hata yeye mwenyewe. Kweli aliongeza, akafika bei ya nesi, akaivuka kidogo. Wakala alinitazama, ni kazi yake, na asilimia yake ilikuwa humo. Nilimwambia chumba kile chenye jua sitaki kikatwe vipande vitatu kwa mbao, na kwamba bei niliyohitaji nimekwisha kuipata. Alivaa viatu vyake taratibu.

"Mama," alisema, "wewe unanifundisha kazi vibaya." Lakini alifungiwa sombe kwenye kopo la siagi, akaondoka nalo.

Jioni nilipiga simu Randburg. Kwa bahati mbaya aliyepokea ni mkwe wangu. Kwa kawaida anasema "shikamoo mama, nampa," na simu inahama mkono. Siku ile nilikuwa bado nina furaha ya uani, nikamzuia.

"Mwambie bei imefika. Fleti ya chini nainunua."

Alisema, "Mungu asifiwe," kwa nguvu ambayo sijawahi kuisikia kwa kijana yule mpole. Halafu akashtuka. "Sina maana hiyo, mama. Ungekuja kwetu tungefurahi. Tumeshakupangia chumba cha watoto."

"Najua, baba."

"Nilikuwa nimeshaongea na wenzangu Sandton. Kule kazini kuna bafu la walinzi. Nilikuwa nitaoga kule."

"Mpaka lini?"

Akafikiri. "Sikuwa nimefika huko."

"Mimi," nilisema, "nilikuwa nitaoga saluni kwa mwenzangu, huku La Rochelle. Nipande teksi mbili kwenda, mbili kurudi."

Nilimsikia anajizuia. Halafu akashindwa, akacheka, nami nikacheka, tukacheka hivyo wawili, kila mmoja upande wake wa jiji, kwa adabu zote. Nikasikia binti yangu anauliza kwa nyuma ni nani huyo anayeongea naye hivyo.

"Ni mama," mkwe wangu alimjibu. "Ngoja kidogo. Bado tunaongea."